Mwanamke wa Mgongoni mwa Sarafu

Nchi ya Wajihi haimo katika ramani yoyote niliyowahi kuiona. Nilipomuuliza mwuza ramani sababu, alinijibu kwamba yeye huchora nchi zilizopo tu. Sawa. Mimi nimekaa katika nchi hiyo isiyokuwepo siku arobaini na moja, nimekula chakula chake, nimesimamishwa mbele ya baraza lake, na nimerudi kwetu shingo tupu. Anayetaka kuamini aamini, na asiyetaka sitamchosha.

Jina langu ni Mwanashehe, mjane wa sonara. Tangu marehemu atutoke nimekaa mwenyewe kwenye kigoda chake cha kazi, kwa hiyo dhahabu naijua kwa uzito, kwa rangi na kwa hila zake. Siku niliyoingia Wajihi nilikuwa nimevaa mkufu wa mama yangu, wenye sarafu moja ya dhahabu iliyotobolewa. Baba aliipata kwa mfanyabiashara wa mbali mwaka niliozaliwa mimi. Upande mmoja palikuwa na mwanamume mwenye shingo nene na taji la majani. Upande wa pili, mgongoni, palikuwa na mwanamke, kichwa na kifua, ameinua mkono mmoja ulioshika tawi. Mama alimwagiza fundi atoboe juu ya kichwa cha mwanamke, ili yeye ndiye akae wima na kutazama watu, maana hakuona sababu ya kutembea na mwanamume asiyemjua. Yule bwana akabaki upande wa ndani, amelalia ngozi, kichwa chini. Hatukujua alikuwa nani, wala hatukujali.

Watu wa Wajihi wana sheria moja kubwa, na nyingine zote ni watoto wake: uso ni mmoja. Uso huo ni wa Mtukufu, mtawala wa nchi, na mahali pake ni kwenye sarafu ya dhahabu. Mtu mwingine haruhusiwi kuchorwa, wala kuchongwa, wala kufumwa kwenye kitambaa. Nilimuuliza mwanamke mmoja sokoni wanafanyaje wanapowakumbuka wafu wao.

"Tunafumba macho, dada," akanijibu. "Mwaka wa kwanza husaidia."

Dhahabu yenyewe wengi hawajawahi kuishika. Hupewa askari na maofisa. Raia huonyeshwa mara moja kwa mwaka, nyuma ya kamba, wakipita mmoja mmoja. Hata hivyo uso wa Mtukufu wanaujua kuliko wanavyojua nyuso za jirani zao. Kila kinyozi amepigilia nakala yake ya bati ukutani. Mtukufu akiwa na ndevu, wanaume wote hufuga. Akija asiye nazo, siku hiyohiyo mitaa hujaa nywele na punda wakateleza. Nilikutana na mzee aliyefuga na kunyoa mara tisa maishani mwake, na bado alikuwa akiniomba radhi kwa kidevu chake.

Mtukufu mpya huchongwa kabla hajaonekana, kwa kuwa askari hawana subira. Fundi huchukua uso wa aliyetangulia, akabadilisha nywele kidogo, basi. Baada ya hapo ni kazi ya Mtukufu kufanana na sarafu. Niliambiwa, na aliyeniambia hakutabasamu, kwamba Mtukufu wa saba alitoka kunyoosha miguu akazuiwa kurudi nyumbani kwake, kwa sababu mlinzi alimlinganisha na sarafu akaona mashavu hayalingani. Alikaa nje siku mbili. Mlinzi akapandishwa cheo.

Na mgongo wa sarafu ndio habari ya nchi. Kila Mtukufu huanza na AMANI, kisha hubadilisha kadiri mambo yanavyomwendea. Mimi nilifika mwaka wa SHIBE, mwanamke mwenye pembe iliyofurika matunda. Mwuza mihogo mmoja, aliyekuwa na mihogo mitatu tu mbele yake, alinieleza kwa upole kwamba shibe imeenea nchi nzima, ila haijafika mtaa huu. Mwaka uliotangulia ulikuwa wa USHINDI, ambapo adui hupigishwa magoti chini ya rundo la silaha zilizotekwa. Kwa kuwa Wajihi haijapigana na mtu kwa muda mrefu, kuna ofisa wa kupiga magoti. Ni cheo cha kurithi. Huwekwa kwenye ngazi za Baraza la Nyuso, amefungwa kamba ya hariri, na hulalamikia magoti yake kama mtu yeyote wa umri ule.

Huyo ndiye aliyeniponza. Siku ya tatu nilimwona jasho likimtoka, nikainama kumpa maji. Sarafu ikaning'inia, ikageuka. Watu waliosimama hawakuona kitu, lakini yeye alikuwa chini, akaona. Alikunywa maji yote kwanza, akanishukuru, ndipo akasema, "Mama, samahani. Mimi ni mtumishi wa serikali. Itanibidi niseme."

Uso aliouona ulikuwa wa Mtukufu aliyepinduliwa miaka arobaini na minne nyuma. Huko aliyepinduliwa hufutwa: jina lake halitamkwi, katika idadi ya Watukufu hahesabiwi, huitwa Asiyetajwa, na sarafu zake zote hukusanywa zikayeyushwa. Yangu ilikuwa imetoroka mfukoni mwa mfanyabiashara kabla ya tanuri kuifikia. Nilipelekwa mbele ya Diwani Hababuu, mkuu wa baraza, bwana nadhifu mwenye bikari ya shaba mfukoni kama wengine wanavyobeba kalamu.

"Umehifadhi uso uliofutwa," akaniambia. "Umetoboa shingo ya Mtukufu. Tena umemning'iniza kichwa chini, ndani ya nguo, mahali ambapo hata mawaziri hawajafika."

"Kama amefutwa, Bwana Diwani, nimemtoboa nani?"

Aliliandika swali langu kwa makini, akasema litajadiliwa. Kisha akanieleza njia mbili. Nikikana sarafu, itayeyushwa siku hiyohiyo, nami nitasindikizwa mpakani kwa heshima zote. Nikidai ni yangu, baraza litakaa, na nikishindwa nitavaa gunia usoni miaka saba, humohumo nchini. Mimi si shujaa. Nilikuwa nimekwisha fungua kinywa nikane, lakini sheria yao haipokei jibu la siku ileile. Mshtakiwa hupewa siku tisa za kufikiri, na siku hizo hulala kwa Fundi Mkuu wa Sarafu, ambaye ndiye shahidi wa kila kipande cha dhahabu kilichopigwa Wajihi.

Fundi Mkuu alikuwa mzee Lali. Aliishi na bintiye Shamsa, mwanamke wa rika langu, mrefu, aliyeachika mara moja na kuamua kwamba inatosha. Yeye ndiye aliyenifungulia mlango.

"Karibu dada. Umekuja na mzigo au na kesi?"

"Na kesi."

"Basi ingia nayo. Mzigo ndio tungekosa pa kuuweka."

Fundi Lali hakuweza kumwona mtu aliyekaa upande wa pili wa chumba, lakini chini ya kioo chake cha kukuzia aliona mguu wa sisimizi. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa mafuta na unga wa chuma. Wiki hiyo alikuwa akisubiri amri ya kuchonga Mtukufu wa kumi, kwa kuwa wa tisa alikuwa amekwisha kufa, jambo ambalo halitangazwi mpaka sarafu ya mrithi iwe tayari. Aliniuliza habari za safari na za kwetu, akaniuliza masonara wetu wanatumia tupa za namna gani, na mimi nikafurahi kukutana na mtu wa kazi. Halafu akauliza, kama mtu anayeuliza bei ya chumvi, "Hiyo sarafu yako, mgongoni ana nani?"

"Mwanamke. Ameshika tawi."

Mzee aliweka tindo yake chini. Shamsa, aliyekuwa akipangusa bakuli, akaacha kupangusa.

"Mwaka ule niliamriwa Amani, wa kwanza kuchongwa nchini," alisema Fundi Lali. "Mke wangu Mwanakheri alikuwa amefariki siku tisa kabla, ameniachia huyu." Alimwonyesha Shamsa kwa kidevu. "Kuchora uso ni marufuku. Lakini Amani lazima awe na uso, na hapa kwetu hakuna aliyewahi kumwona Amani. Nikamweka yeye."

Hakuna aliyejua. Dhahabu ikapigwa, ikaenda kwa askari. Mwaka haukuisha Asiyetajwa akapinduliwa, sarafu zikarudi kuyeyushwa, na mihuri ya chuma iliyozipiga ikavunjwa kwa nyundo mbele ya mzee mwenyewe, wakati huo kijana. Akaamriwa Amani mwingine kwa ajili ya Mtukufu mpya. Huyo alimchonga kwa kukumbuka. Aliyefuata alimchonga kwa kutazama huyo, na wa tatu kwa kutazama wa pili, maana ndivyo kazi inavyofanywa Wajihi: kila sarafu hunakiliwa kutoka iliyotangulia, na ukipotoka unywele mmoja ni kosa.

"Na mimi najua nimepotoka unywele mmoja kila mara," akasema. Alivuta kisanduku, akanionyesha Amani wa tisa. Nilimtazama chini ya kioo. Alikuwa na pua ndefu iliyonyooka, jicho la duara, mdomo kama ufa wa ukuta. Hakuwa mtu.

"Nikifumba macho sasa, namwona huyu," mzee akasema. "Mke wangu simwoni tena. Namwona huyu amekaa jikoni kwangu."

Kisha akanisogelea mpaka pumzi yake ikanifikia, kwa sababu ya macho yake, na akaniuliza nilichokuwa nikikiogopa.

"Wewe umekaa naye maisha yako yote. Niambie alikuwaje."

Nilifungua kinywa, na aibu iliyonishika sijawahi kuionja. Nimemvaa mwanamke yule tangu mama yangu alipofariki, na kabla ya hapo nilimwona kifuani mwa mama kila siku niliyoamka, na sikuweza kusema kama pua yake ilikuwa ndefu au fupi. Mkufu hutazamwa na wanaokutana nawe njiani. Anayeuvaa huusikia uzito tu. Nilitafuta na kutafuta kichwani, nikapata mng'aro wa dhahabu na harufu ya mama.

"Alikuwa mzuri," nikasema.

"Watu wote hutuambia hivyo," alisema Shamsa. "Hata ambao hawajamwona."

Nilikaa katika nyumba hiyo siku tisa, na kila siku nilielewa zaidi. Sarafu ilikuwa imefungiwa ndani ya kisanduku cha baraza, imetiwa lakiri. Nikiikana itayeyushwa bila shahidi. Nikiidai, kesi itaendeshwa mpaka mwisho, na mwisho wa kesi, kwa sheria, Fundi Mkuu huishika sarafu mkononi na kuikagua. Hiyo ndiyo nafasi pekee mzee aliyokuwa nayo duniani, na nafasi hiyo ilikuwa mdomoni mwangu. Yeye hakunigusia. Siku ya nane Shamsa alinikuta uani nikifua.

"Baba hawezi kukuomba," akasema, "na mimi siwezi pia. Miaka saba ni miaka saba."

"Kama hamwezi kuomba, msiombe."

"Hatuombi."

"Basi nipishe nianike nguo."

Nilikuwa na hasira, na sikujua nimkasirikie nani. Nilimwonea mzee wivu, hilo nitalisema wazi. Mume wangu nimemzika miaka sita sasa. Picha yake ipo ukutani, sebuleni, ukubwa wa sinia, na naipita asubuhi na jioni bila kuinua macho. Na huyu mtu, aliyekuwa hana hata kivuli cha mkewe, alikuwa amemtafuta miaka arobaini na minne kwa ncha ya tindo. Pale uani, mikono imejaa povu, nilitamani nyumbani kwangu vibaya mno. Nilitamani nisimame mbele ya ile picha nimtazame mume wangu mpaka nichoke.

Kesho yake nilikwenda mbele ya Diwani Hababuu nikasema, "Sarafu ni yangu."

Siku mbili za kwanza za baraza zilikwenda kwa suala la kichwa na mgongo. Kichwa ni cha Asiyetajwa, lazima kiyeyushwe. Lakini kuna sheria iliyotungwa baadaye, kwamba atakayeyeyusha sanamu ya Amani pasipo mgongo mpya kuamriwa ni adui wa nchi. Mjumbe mmoja alipendekeza sarafu ikatwe kwa ubavu, kama mtu anavyopasua andazi. Waliniuliza kama sonara. Niliwaambia inawezekana, ila watabaki na maandazi mawili yasiyo na ndani. Mwingine akapendekeza moto uwashwe upande mmoja tu na dhahabu iambiwe ukweli. Swali langu nalo lilijadiliwa nusu siku, wakaafikiana kwamba sikumtoboa mtu yeyote, lakini mtu yeyote huyo alikuwa wa cheo kikubwa. Shamsa, aliyekaa nyuma yangu, aliniambia kwa sauti ya chini nisicheke, kwa kuwa kucheka barazani ni kesi nyingine.

Siku ya tatu Diwani Hababuu alitoa bikari yake. Alipima pua ya Amani wangu, akapima pua ya Amani wa tisa. Akapima kidevu, paji na umbali wa jicho kutoka sikioni. Alirudia mara mbili, kwa haki kabisa.

"Pua fupi," akatangaza. "Kidevu kimezidi. Jicho liko chini ya mahali pake. Huyu si Amani. Ni Amani wa bandia."

"Bwana Diwani," nikasema, "huyu ndiye wa kwanza. Hao wengine ndio waliotokana naye."

"Mama, wao ni tisa na wanafuatana vizuri. Yeye ni mmoja. Ukoo mzima ukifanana na mtu mmoja akatofautiana nao, kwenu mnamshuku nani?"

Baraza zima likaafiki, na kwa kweli hata mimi kwa muda mfupi niliona kama ana hoja. Hukumu ikafuata vizuri kama shanga katika uzi. Kwa kuwa sarafu ni ya bandia, uso wake wa mbele nao si uso, kwa hiyo sikuhifadhi mtu wala kumning'iniza. Mimi ni huru. Kwa kuwa Amani wake si Amani, inaweza kuyeyushwa. Dhahabu ni ya serikali. Kilichobaki ni Fundi Mkuu kuikagua na kuweka dole gumba kwenye karatasi ya hukumu kabla ya moto.

Tanuri lilikuwa uani kwa baraza, na mafundi wa mivukuto walikwisha anza. Fundi Lali alipewa muda wa moto kukolea, si zaidi. Shamsa alimwongoza mpaka kwenye meza. Mzee akaishika sarafu, akaigeuza bila kumtazama mwanamume wa mbele hata kidogo, akaweka kioo chake jichoni.

Niliutazama uso wake. Nilitegemea machozi, au tabasamu, na nilikuwa nimejiandaa kwa lolote kati ya hayo. Sikuona kitu. Alitazama muda mrefu, akakishusha kioo, akakifuta kwa pindo la kanzu, akatazama tena, safari hii akikisogeza kioo chini polepole. Akabaki hapo. Diwani Hababuu akakohoa. Mzee akaweka dole gumba kwenye wino, kisha kwenye karatasi, na wakaichukua sarafu kwa koleo.

Dhahabu haina haraka. Hung'ang'ania umbo lake mpaka mwisho, halafu huliacha mara moja. Nimeiyeyusha maisha yangu yote, na siku hiyo sikuweza kuitazama. Nililia mbele ya watu wazima, nikimlilia mama yangu na shingo yake, na hakuna aliyeniambia ni kosa, kwa sababu nadhani hawajalitungia sheria bado.

Tulirudi kwa miguu. Karibu na nyumbani mzee akasema, "Siye."

Shamsa alisimama. "Siye nani, baba?"

"Yule wa kwenye sarafu. Siye mama yako. Pua ile ni ya Asiyetajwa, imefupishwa kidogo. Kidevu pia ni chake." Aliongea bila kupandisha sauti. "Sasa nakumbuka. Mlinzi alisimama mlangoni siku nzima. Mimi nilikuwa kijana, na wewe unalia ndani, una siku tisa. Niliogopa watauliza ni nani. Nikachanganya pua ya Mtukufu ili wasiulize. Miaka yote hii nimejiambia nilimchonga, na sikumchonga."

Niliitoa sarafu ya mama, na nilikuwa nimeweka miaka saba rehani, ili mzee wa watu aambiwe kwamba alichokipoteza hakuwa nacho. Nilijiona mjinga. Shamsa alimshika baba yake mkono, tukaingia ndani.

Amri ya Mtukufu wa kumi ilikuja kesho yake, na kama kawaida mgongo ulikuwa wa Amani. Walinzi wa mpakani walisema nisubiri, kwani mgeni hatoki kabla mtawala hajatangazwa. Kwa hiyo nilikaa wiki nyingine tatu nikimsaidia mzee kunoa tindo na kuandaa chuma. Alifanya kazi kwa utulivu ambao ulinitia wasiwasi. Uso aliumaliza haraka, bila mapenzi, akinakili kutoka kwa wa tisa. Siku zilizobaki zote aliinama kwenye kona moja ya muhuri, akichonga, akipuliza unga, akichonga.

Diwani Hababuu alikuja mwenyewe na bikari. Pua ililingana, na kidevu na jicho pia. Alipitisha muhuri, akampongeza mzee kwa mkono usiotetemeka katika umri wake, akaenda zake. Ilikuwa asubuhi, na Shamsa alikuwa jikoni akisonga sima. Nikachukua kipande cha nta, nikakikandamiza kwenye muhuri kama tunavyofanya masonara tunapotaka kuona kazi itakavyotoka, nikakiweka chini ya kioo.

Uso ulikuwa ule ubao wenye pua. Lakini mkono ulioshika tawi ulikuwa mkono wa mtu. Ulikuwa na mifupa na mishipa, gumba limefichwa ndani ya kiganja, na kidole cha mwisho kimesimama peke yake, kimenyooka, hakikushika kitu.

"Hiki kidole?" nikauliza.

"Kiliungua kwa mafuta alipokuwa mtoto," alisema Fundi Lali. "Hakikukunjika tena. Kilikuwepo kwenye sarafu yako. Nilipotazama mara ya pili nikakiona. Mlinzi alikuwa anaangalia uso tu, na mkono haukuwa na sheria, nikauchonga kama ulivyo. Halafu Amani aliyefuata nilipomkumbuka, nilikumbuka uso, na mkono nikaweka wowote. Nimetafuta uso miaka arobaini na minne. Mkono nilikuwa nimeusahau kabisa kwamba upo." Alivua kioo. "Huu ndio wake. Nilikuwa nauona kila siku kwenye mwiko."

Shamsa alikuwa amesimama mlangoni. Sijui alisikia kuanzia wapi. Alikuja akatazama nta chini ya kioo, muda mrefu kuliko mtu anavyohitaji kutazama mkono. Kisha akarudi jikoni, nasi tukamfuata, kwa sababu hakuna aliyetaka kubaki peke yake.

Alikuwa ameushika mwiko. Alikifungua kidole chake cha mwisho kutoka kwenye mti wa mwiko, akakinyoosha.

"Hivi?"

Mzee alisogea mpaka karibu kabisa, akaushika mkono wa bintiye kwa mikono yake miwili myeusi. Alilisukuma gumba ndani. Akakiinua kile kidole kidogo.

"Juu kidogo tena," akasema. "Hapo. Sasa songa."

"Sima itaungua, baba. Hivi sina nguvu ya kuigeuza."

"Yeye pia hakuwa nayo. Songa."

Ikaungua. Tukaila hivyohivyo, sote watatu, na mzee akaomba aongezwe.